Vikonyo Ulivyovifunga kwenye Kanga ya Mama Yako

Mwanaidi, mke mwenzangu,

Salamu sikupi. Asubuhi umeniamkia shikamoo nikaitika marahaba, na tangu hapo tunapishana humu humu ndani, wewe na hina yako mikononi, mie na masufuria. Imetosha. Kesho wakweo wanakuja kukuchukua, unakwenda zako Muheza kwa mumeo. Nimekaa huku uani kwenye ndoo iliyofunikwa, kalamu nimeazima kwa mjukuu wa Bi Tatu, na ninakuandikia kwa sababu nikikusemesha kwa mdomo nitapiga kelele. Nyumba imejaa wageni wa shughuli. Watakwenda kusema Chamazi nzima kwamba bibi harusi kagombezwa na bibi yake siku ya kuagwa. Na mie nina hasira, Mwanaidi. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mambo ya kukaa na mume sikuandikii. Hayo umeshafundwa na somo yako, tena kafunga mlango na kuziba tundu la funguo kwa kitambaa, kana kwamba sie wengine tulizaa kwa posta. Kupika unajua. Kunyamaza hujui, lakini hilo hata mie sikulijua, siwezi kukufundisha.

Ninachouliza ni kimoja. Nani kakutuma?

Mchana huu nimeingia chumbani kwako kukuwekea udi kwenye sanduku la safari. Nikainua ile kanga ya marehemu mama yako, nikaikuta imelowa. Nikasema jamani, chupa ya marashi imevuja. Marashi gani! Ndani ya kanga kuna gazeti limeloweshwa maji, ndani ya gazeti vijiti vya mchungwa, vimekatwa vizuri, majani yameondolewa, vimebaki vikonyo vitupu. Vikonyo vya kubebesha. Umevikata kwenye mti wako, ukavificha, uende ukavibebeshe kwenye miche ya milimau huko kwa mumeo, kama babu yako alivyokufundisha ukiwa unamfuatafuata na kisu chake.

Hapo ndipo nikakumbuka maneno yako ya juzi kwenye simu. Ulikuwa unaongea na mama mkwe wako kwa sauti hiyo ya asali ambayo mie sijawahi kuisikia ukinitolea: "Mama, nitakuja na chungwa la kwetu Chamazi. Utasahau yote uliyowahi kula." Mie napeta mchele, nikacheka. Nikadhani unamaanisha fungu la machungwa ya kwenda kumenya barazani. Kumbe ulikuwa unamaanisha mti.

Mwanaidi, ule mti unaumwa.

Najua utakavyojibu. Utatoa macho useme, "Bibi, mbona umenawiri?" Umenawiri upande wa jikoni, huko ulikokata. Zunguka upande wa ukuta wa Bi Tatu uangalie. Lakini nyie mnaangalia kitu upande mmoja mkishakipenda, basi.

Sasa soma, tena usirukeruke mistari kama unavyosoma meseji.

Ulipokuwa Ubungo kwa shangazi yako unajifunza kushona, mie nilikuwa bado nauza machungwa pale njia ya uwanja wa mpira. Unajua mwenyewe siku za mechi watu wanavyoshuka. Namenya, napanga kwenye sinia, chumvi na pilipili pembeni. Miaka yote hiyo sijawahi kurudi nyumbani na chungwa. Siku hiyo kijana mmoja kavaa jezi, kanunua, kauma, katema pale pale mbele ya wateja wangu.

"Bibi, unauza machungwa au unauza shubiri?"

Nikamwambia, "Mdomo wako ndiyo mchungu, nenda kapige mswaki." Watu wakacheka, wakamcheka yeye. Akaondoka. Halafu mie nikachukua kipande nikaonja, nikiwa nimegeuka pembeni wasinione. Mwanaidi, nilitamani nimfuate yule kijana nimwombe radhi, ila kiburi kikaniganda miguuni.

Na sie machungwa yetu ya pwani yanaiva na ukijani wake, kwa hiyo rangi haikuwa imeniambia kitu. Nilipofika nyumbani nikaanza kuyapasua. Madogo, yamekwenda upande kama kichwa cha mtoto aliyelazwa vibaya. Mbegu ndani zimesinyaa, nyeusi. Miti ya kona ya mbele majani yalikuwa yamepiga manjano, na mie nilikuwa nimeyaona tangu zamani nikasema ni njaa, ardhi imechoka. Nikaweka samadi. Nikaweka na mbolea ya chumvichumvi. Nikamwagilia kiangazi chote, maji ya kisima, ndoo kichwani, umri huu. Miti ikachipua, we! Machipukizi laini, yanang'aa. Nikajisifu barazani kwa kila anayepita.

Yale machipukizi ndiyo chakula cha adui. Nilikuwa nampikia pilau mwizi wangu mwenyewe na kumsogezea maji ya kunawa. Lakini hapo nilikuwa sijajua.

Miti ilipozidi kunyong'onyea baada ya kuhudumiwa hivyo, nikatafuta mtu wa kumlaumu. Na mtu nilikuwa naye karibu, ukuta kwa ukuta. Bi Tatu alikuwa na tabia ya kusimama pale penye tofali lililovunjika na kusema, "Mwenzangu, michungwa yako inazaa, mashaallah, utafikiri unainong'oneza." Nikayageuza maneno yake. Nikasema huyu ana jicho. Sikusema moyoni, nilisema kwa sauti, bombani, wenye ndoo wote wanasikia. Yeye akajibu. Akaniita mchawi wa kujiroga mwenyewe. Tukaacha kusalimiana, tukaacha kupelekeana futari, mtoto wake alipooa mie nilifunga dirisha nisisikie ngoma. Mtu tuliyezaa naye zamu moja, tukanyonyeshana watoto! Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kidudu.

Ndiyo, kidudu. Alikuja bibi shamba, binti mdogo kavaa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Walikuwa wanapita nyumba zote zenye michungwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kama unauza mbegu, sinunui."

"Siuzi kitu bibi. Nimekuja kuangalia miti yako."

"Iangalie, haina aibu."

Akachuma jani, akalikunja kwenye mshipa wa katikati, nusu hii juu ya nusu ile. Akaniambia mti wenye njaa unageuka manjano pande mbili sawasawa. Hili halilingani. Doa la huku liko juu, la huku liko chini. Nikamwambia, "Wewe mtoto, mie nimeanza kula machungwa ya shamba hili mama yako hajavunja ungo." Akacheka, wala hakuudhika, akaniinamishia tawi usoni kabisa.

"Angalia hapa kwenye kichipukizi, bibi. Umeona?"

Nikaona. Kama punje ya ufuta, rangi ya vumbi, kichwa kimeinama kinanyonya, matako juu. Kwa adabu gani! Na watoto wake wamebanana chini, bapa, manjano, wanatoa vinyuzi vyeupe. Nilikuwa nimeviona maisha yangu yote nikavipangusa kwa kidole nikidhani ni uchafu.

"Hicho ndicho kinachoua mti?" nikamuuliza.

"Chenyewe hakiui, bibi. Ni kama mbu. Mbu mtupu anakuwasha tu. Mpaka awe ameshamnyonya mwenye malaria, ndiyo anakuletea wewe. Na hiki hivyo hivyo. Kinanyonya maji ya mti mgonjwa, ndani yake mna bakteria, kinaondoka nao. Kikiruka kwenye mti mzima kikatoboa, kinawaacha humo. Wakishaingia wanakaa kwenye mishipa inayopitisha chakula cha mti, wanaiziba. Mti unakufa na njaa huku mbolea imejaa chini."

"Dawa yake nini?"

"Ya kuua kidudu ipo. Ya kumtoa bakteria ndani ya mti haipo. Mti wenye dalili ni kuukata."

Unajua nilichofanya? Nilimwonyesha geti. Mie, bibi yako, ninayekuita wewe mbishi. Nilimwambia akamkate mama yake. Aondoke na mabuti yake. Akasema, "Haya bibi, nitapita tena," akaondoka. Msimu mzima nikakaa nikimwagilia wagonjwa.

Alipopita tena, kona yote ya mbele ilikuwa vijiti vitupu, na ugonjwa umeshafika mstari wa katikati. Safari hii nilimkaribisha kiti. Akapulizia, vijana wakakata, wakachoma. Michungwa ya babu yako, Mwanaidi. Ile aliyoibebesha kwa mikono yake akiwa bado ana meno yote. Nilikaa jikoni na redio nimefungulia sauti mpaka mwisho, singeli, mie na singeli wapi na wapi, ili nisisikie mapanga.

Wakafika kwenye mti wako.

Nikatoka. Nikasimama mbele ya shina. Nikamwambia yule binti: huu hapana. Chini ya huu pamezikwa kitovu cha mtoto. Mama yake, Zena binti yangu, alikichimbia kwa mikono yake akapanda mti juu, na huyo Zena sasa hayupo, kamwacha mtoto hajaota meno ya pili. Mti wa kitovu haukatwi na mtu mwingine. Anayeugusa kwanza ni mwenye kitovu. Ndivyo kwetu.

Yule binti akazunguka upande wa ukuta, akachuma majani, akayakunja. Akarudi. "Bibi, na huu umeshaingia. Tawi moja tu kwa sasa. Lakini matawi yote yanakunywa sehemu moja. Hili linalopendeza linasubiri zamu yake."

"Mwenyewe hayupo."

"Mwite."

"Yuko Ubungo anajifunza cherehani, nimwite aje akate mti?"

"Basi mpigie simu akupe ruhusa."

Sikukupigia. Sasa hapa ndipo pananikereketa, kwa hiyo nyamaza usome. Sikukupigia kwa sababu sikutaka uniambie nikate. Nilijua ungelia, halafu ungesema, "Kata tu bibi," kwa kuwa moyo wako ni laini kuliko wangu. Na mie nisingekuwa tena na kitu cha Zena cha kufagia chini yake asubuhi. Kwa hiyo mti wa kitovu chako nikauacha, uongo wangu nikaupa jina la mila.

Ukarudi. Ukaona visiki. Ukaniuliza, "Bibi, michungwa imekuwaje?" Nikasema, "Imeugua, imekatwa," nikaendelea kuchambua maharage. Ukasema, "Afadhali wangu upo." Nikaitika.

Na machungwa uliyokula tangu umerudi? Hayo unayoweka sahani nzima mapajani, unayoyasifia, "Hakuna kama chungwa la kwetu"? Hayakutoka humu. Nilikuwa nanunua soko la Mbagala, nayaingiza kwa mlango wa uani, nayapanga kwenye ungo. Na muuzaji anayaita kwa sauti kila siku, hata sikuhitaji kumuuliza: "Muheza! Muheza! Tamu ya Muheza!" Ndiyo, mke mwenzangu. Umekaa hapa miezi unasifia chungwa la wakweo, halafu umefunga safari kwenda kuwapelekea dawa ya kuliua.

Ucheke ukitaka. Mie nimecheka, kitandani kwako, peke yangu, kanga imelowa mapajani. Halafu hasira ikarudi.

Maana fikiria. Unafika pale, bibi harusi, mgeni, wanakutazama unavyotembea. Unafungua sanduku mbele ya mama mkwe wako, unatoa kanga, unatoa vikonyo. Anafurahi. Nani asiyefurahi? Anamwita mumeo, wanabebesha. Vinashika, vinachipua, mwaka unapita majani hayana kasoro, kwa sababu bakteria hawa hawana haraka. Vidudu vya kule vinakuja kunyonya machipukizi yako, vinahamia mti wa pili, wa tatu, mstari mzima. Kule siyo miti ya kuhesabu vidoleni kama hapa kwetu, kule ndiyo karo ya watoto na paa la nyumba. Siku mama mkwe wako akiuma chungwa lake akatema, atakumbuka nini? Atakumbuka kanga. Na hutakuwa na ukuta wa kumsingizia jirani jicho. Watasema mwanamke kaingia na mkosi. Nawajua watu. Mie mwenyewe niliyasema kwa Bi Tatu kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Na Bi Tatu nikumalizie habari yake, maana umeona leo kashinda jikoni kwangu anakoroga mchuzi ukashangaa. Alikuwa na mndimu wake pale ukutani, unaukumbuka, ulikuwa ukienda kuiba ndimu za kunusia ukiugua homa. Mndimu ule umekufa. Na umekufa kwa sababu ya mti wako, ambao mie niliukingia kifua. Tawi lile la ukutani lilikuwa linagusana na mndimu, vidudu havikuwa hata na haja ya kuruka. Siku alipoukata nilisikia panga. Nikapita lango lake, mara ya kwanza tangu tugombane, nikasimama mlangoni.

Akaniangalia. Akasema, "Umekuja kunitazama kwa jicho?"

Nikasema, "Nimekuja kushika upande wa pili wa kigogo."

Akasema, "Basi shika, umesimama kama mgeni wa nini."

Tukabeba. Juu ya ugomvi wetu hatukusema zaidi ya hapo mpaka leo, na hatutasema. Lakini mti wako ulikuwa bado umesimama, na kila nikifagia chini yake namsikia Bi Tatu upande wa pili anamwagilia kichaka cha pilipili mahali mndimu ulipokuwa. Hajaniuliza hata siku moja kwa nini wangu upo na wake haupo. Angeniuliza ningemjibu jeuri. Hakuniuliza. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, siyo vidudu.

Jana uliniuliza harufu ya dawa inatoka wapi, nikakwambia ni ya mbu, kwa ajili ya shughuli. Haikuwa ya mbu. Nilimwita yule binti aje na bomba lake la mgongoni aupulizie mti wako, maana mti ukikatwa na vidudu vikiwa hai vinahama kwa jirani. Nilikuwa nimeshaamua kukueleza leo, kwa upole, tukiwa tumekaa mkekani. Ndiyo nikaingia kuweka udi, nikaikuta kanga. Upole ukaniishia.

Sikiliza sasa. Juu ya sanduku lako nimeweka chungwa. Hilo ni la mti wako, siyo la sokoni. Lipasue, angalia mbegu zake. Halafu lionje. Usiteme haraka. Nataka ulijue kwa ulimi wako, usije kukaa Muheza ukaniota mie nimekata mti wa mama yako kwa roho mbaya.

Huko kwenu kupya, asubuhi za kwanza usikae ndani kujiremba. Nenda shambani na mama mkwe wako. Kunja majani. Angalia machipukizi chini. Ukikiona kile kilichoinua matako, sema, siku hiyo hiyo, kwa sauti, hata wakikuona mgeni unajifanya mjuaji. Usifanye kama mie, nikaona nikapangusa kwa kidole. Ukitaka mti wa kukumbuka kwenu, omba mche ulioangaliwa, upande, uuite Zena. Mama yako hakuwa kwenye mti. Nimechelewa kulijua hilo, na kulijua kwenyewe kumenitia hasira zaidi, kwa maana nimeupa mapenzi mti mgonjwa, nikamnyima jirani mzima.

Wakweo wanafika saa nne. Amka kabla ya wageni. Usivae nguo za safari kwanza, vaa lile dera lako chakavu. Panga nimelinoa, liko nyuma ya mlango wa jikoni. Pigo la kwanza ni lako, kwa kuwa kitovu ni chako, na hapo sidanganyi, hiyo ni mila kweli. La pili langu. Yanayobaki Bi Tatu kasema atapiga yeye, tena kasema kwa furaha ambayo sikuipenda.

Kanga ya mama yako nimeifua, iko kwenye kamba, asubuhi itakuwa imekauka. Utaondoka nayo. Vikonyo nimevitia jikoni kwenye kapu la kuni. Tutavichochea kwenye mafiga sie wawili, tuchemshie chai ya kukuagia. Ni vibichi, vitatoa moshi jikoni kote. Acha vitoe. Tukitokwa na machozi, wageni watasema ni moshi, na mie atakayeniuliza nitamgombeza.

Bibi yako.